Mama Mkwe Kwenye Mizani

Msomaji mmoja wa Dilala ameniandikia kunishauri niache urubani nikauze maji baridi njiani kule Kapata. Anasema tangu aanze kusoma visa vyangu hajaona ndege ikiruka hata mara moja. Namshukuru kwa ushauri. Leo ndege itasogea, nampa neno langu. Kama itafika mahali, hiyo ni habari nyingine.

Kwa aliyepitwa na wiki zilizotangulia: naitwa Samy Tshilombo, mzaliwa wa Kolwezi hapa hapa, wazazi wangu asili yao Kasai. Nina miaka thelathini na sita. Kwa miaka tisa nimekuwa rubani msaidizi katika kampuni ambayo mwenye gazeti amenisihi nisiitaje jina. Ndege yetu ina viti kumi na tisa. Komanda hukaa kushoto, msaidizi hukaa kulia. Kati ya viti hivyo viwili pana nafasi ndogo tu, nami nimeivuka kila siku kwa kumpitishia komanda chai.

Ninyi mnaowajua marubani kupitia sinema mtanisamehe. Kwetu msaidizi anafuta vioo, anapakia masanduku, anafukuza mbuzi uwanjani na kupima abiria. Muda ukibaki, anarusha ndege. Jirani yangu Gael anaendesha lori la mgodini ambalo magurudumu yake yanamzidi kimo. Ana kofia ngumu, chakula cha mchana, kadi ya hospitali na siku mbili za kupumzika kila wiki. Mimi nina miwani ya jua. Watoto wa mtaa wanamsalimia yeye kwanza.

Mara ya kwanza nilipoitwa kufanya mtihani wa ukomanda, ndege ilipelekwa kutengenezwa ikakaa huko miezi mitano. Mara ya pili kiti kilipewa mpwa wa mwenye kampuni, kijana wa adabu sana, sina ubaya naye. Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa na barua ya direkta, mkuu wa kampuni, mkononi: mtihani wa tatu ni Alhamisi, safari ya Kolwezi kwenda Kananga, na nikishindwa huo hakuna wa nne. Kiti cha kushoto kitatafutiwa mtu wa nje, nami nitazeekea kulia.

Basi Alhamisi ikafika.

Mtahini wangu alikuwa Komanda Stanislas Beya, mzee mwembamba aliyekuja kutoka Lubumbashi na kalamu moja na maneno machache. Alinikuta nikishusha masanduku, jasho limeshanilowesha shati.

"Ni we njo Tshilombo?"

"Ni miye, Komanda."

"Leo mi niko mutu wa kuangalia tu. We njo komanda. Kila kintu iko ku mikono yako."

"Ndiyo, Komanda."

"Na sikia muzuri. Ku Kananga mvua inapiga nyuma ya saa sita. Ndeke itoke mbele ya saa tano. Ikipita saa tano, mi narudia kwangu, na contrôle yako ya ukomanda inakufa."

Nilimwambia hakuna shida. Nilikuwa bado sijui.

Ilikuwa Oktoba, na mwenyeji wa Kolwezi hahitaji kuelezwa Oktoba ni nini. Kwenye joto lile, na mji wetu ulivyo juu, ndege inakuwa mvivu kuinuka. Kananga nako ni mbali, mafuta lazima yatoshe kwenda na akiba juu. Kwa hiyo masanduku yote ya abiria yalibaki yakingoja lori. Nilipakia maboksi mawili tu ya dawa za hospitali, kilo kumi kwa jumla, na kila abiria alipaswa kupimwa na mkoba wake mkononi.

Mizani yetu ni ile ya kupimia magunia ya mahindi. Abiria anapanda, msaidizi anasoma kilo kwa sauti, Annie, mkata tiketi wetu, anaandika akiwa dirishani kwake, hatua kumi mbali. Kwa sauti, ndiyo. Bila hivyo Annie hasikii. Ndiyo sababu uzito wa kila anayeruka nasi unajulikana sokoni kabla ya adhuhuri.

"Tata René, kilo mia moja na mbili!"

"Bongo!" Tata René, muuza saruji, alipinga kwamba ni uongo. "Balansi yako inanichukia!"

"Naandika mia moja na tatu," Annie alijibu kutoka dirishani. "Ile moja ni ya makelele."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa na furaha siku ile. Mke wangu Tania alikuwa amelipiga pasi shati langu mara mbili, na asubuhi aliniaga akitabasamu kama anayeficha jambo. Nilidhani ni mapenzi.

Nikamwita abiria wa kumi na moja. Mbele yangu vikaja kusimama viatu vyeusi vya kisigino kifupi, vyenye kifungo cha rangi ya dhahabu pembeni.

Viatu vile navijua kuliko vyangu.

Wasiotoka kwetu waelewe kitu kimoja. Kwetu mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Hamgusi, hali mbele yake, na akimwona njiani anampisha. Akikosea analipa mbuzi, na anayemchagua huyo mbuzi ni mama mkwe. Nilimwoa Tania miaka sita iliyopita, na kwa miaka yote hiyo Mama Agnès Ntumba namjua kwa viatu na kwa sauti. Akitaka kuniambia neno anamwambia Tania, hata kama mimi nimekaa hapo hapo.

Siku ile Tania hakuwepo, basi akamwambia Annie, akiniita muko, yaani mkwe.

"Annie, ambia muko wangu Tania alininunulia tiketi jana. Keshokutwa, samedi, mutoto wa dada yangu anaolewa ku Kananga, na ni miye njo mwenye kumubariki. Nikasema, mi siwezi kupanda ndeke ya mutu mwingine, na muko wangu eko komanda!"

Kisha akawageukia waliokuwa nyuma yake. "Ule pale njo muko wangu. Munaona shati? Ni binti yangu njo alipiga pasi."

Foleni nzima ikanitazama. Annie aliinua kalamu akangoja.

Ningefanyaje? Nimwambie Mama Agnès apande pale panapopandishwa mahindi, niinamie mshale, kisha niutangazie uwanja? Mbuzi mmoja asingetosha. Najua mnachosema: ungemwita Annie aje asome yeye. Kweli kabisa. Hata mimi niliwaza hivyo, siku iliyofuata. Lakini Komanda Beya alikuwa ameegemea ukuta na kalamu yake, na nikajiambia komanda wa kweli haombi msaada kwa jambo dogo.

Nikavitazama viatu. Nikakadiria.

Kumkadiria mama mkwe kunataka adabu. Ukizidisha, umemtukana. Ukipunguza mno, umetangaza kwamba wakwe zake hawamlishi. Nikatafuta namba ya katikati, yenye heshima.

"Makumi sita na munane!" nikapaza sauti huku nikitazama mawingu.

Annie akaandika. Tata René akakohoa kwa muda mrefu kidogo. Mama Agnès alipita pembeni ya mizani bila kuigusa, na kwa mwendo wa viatu vyake nikajua ameridhika sana.

Nikajumlisha kilo zote. Tulikuwa chini ya kikomo kwa kilo nne tu. Komanda Beya akaichukua karatasi, akashuka nayo kwa kidole mpaka mstari mmoja.

"Kumi na moja. Makumi sita na munane. Ni nani alimupima?"

"Ni miye."

"We mwenyewe?"

"Mi mwenyewe, Komanda."

Akanirudishia karatasi na kuniambia nikakae kwenye kiti changu.

Kiti changu! Nitasema bila aibu kwamba nilipokaa kushoto nilitaka kulia. Miaka tisa nimeutazama uwanja huu kutoka upande wa kulia, kumbe kutoka kushoto linaonekana bati la shule niliyosoma. Nikawasha injini. Nikaiongoza ndege taratibu kuelekea mwanzo wa njia yake ya kurukia. Nikafikiria baba yangu angekuwa hai angesimama wapi kutazama.

Hatuna mlango kati yetu na abiria, tuna pazia. Mama Agnès alikuwa amepewa kiti cha mbele kabisa, kwa heshima ya ukoo. Nikamsikia nyuma ya kisogo changu.

"Tata, nisaidie. Mukaba hii ni mufupi."

"Haiko mufupi, mama," sauti ya Tata René ilijibu. "Vuta pumuzi."

"Nimevuta."

"Vuta tena."

"Tata, mi niko mutu, haiko mupira!"

Nyuma watu walikuwa wanacheka. Mbele mimi jasho lilinitoka upya. Mkanda wa ndege yetu unamfunga mtu wa kilo themanini na nafasi inabaki. Unanifunga hata mimi, na Tania anajua ninavyokula.

Tulikuwa tumefika. Ndege ilisimama, njia yote iko mbele yetu, na kule mwisho kuna miti, na nyuma ya miti kuna nyumba za watu. Saa ilikuwa nne na dakika kumi na mbili. Mkono wangu ulikuwa kwenye vishikio vya injini.

"Uko tayari?" aliuliza Komanda Beya.

Nilikuwa na njia mbili. Nisukume, ndege ipande au isipande, na huenda ikapanda. Au nirudi, na nikirudi ni lazima niseme kwa nini, na mtahini haambiwi "nilikudanganya" kisha akakupa kiti. Miaka tisa ingeishia pale. Nilivifikiria hivyo vyote. Kisha nikamsikia mama yule nyuma ya pazia akianza kusali, na katika sala akanitaja: Mungu amusaidie muko wangu, mutoto muzuri. Alikataa ndege ya mtu mwingine kwa sababu yangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Tunarudi," nikasema.

"Juu ya nini?"

"Nilikudanganya, Komanda. Numero kumi na moja sikumupima. Ni mama-mukwe wangu."

Komanda Beya ni Mluba kama mimi. Kwa sekunde moja midomo yake ilicheza. Kisha akatoa kalamu, akaandika mistari mitatu. Nilijaribu kuisoma kwa pembe ya jicho, lakini ana mwandiko wa daktari.

Tukarudi. Abiria wote walishuka wakinung'unika, na mizani ikavutwa tena kivulini. Mara hii nilimwita Annie asome yeye, nami nikageukia ukuta. Wapo waliosema baadaye kwamba nilionekana kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu. Ndivyo nilivyojisikia.

Nikasikia mbao za mizani zikilia. Annie, ambaye sauti yake inasikika mpaka kituo cha mabasi, alinong'ona kitu.

"Umesema nini?" nikauliza ukuta.

Akanong'ona tena. Tata René, aliyekuwa karibu, akaona anisaidie.

"Anasema makumi kenda na saba!"

Nikafunga macho. Kilo ishirini na tisa zaidi ya nilizoandika. Tulikuwa tumebakiwa na nafasi ya nne, kwa hiyo tumezidi kwa ishirini na tano. Mkoba wa Mama Agnès ulikuwa na kilo tano. Ukiuacha, zinabaki ishirini. Maboksi ya dawa sikutaka hata kuyawaza, na hata yangebaki yasingetosha. Tata René akavua koti na viatu, akaniuliza kama hiyo inasaidia. Nilimshukuru nikamwomba avae.

Simu ikalia. Direkta.

"Tshilombo! Banasema ndeke iko chini! Juu ya nini?"

"Kilo makumi mbili na tano zinapita, Direkta."

"Makumi mbili na tano? Ile si ni mbuzi moja tu! Panda, enda!"

"Hapana, Direkta."

"Unasema nini?"

"Nasema hapana. Ikiwa nzito haitoki."

Akakata. Sijawahi kumwambia hapana mtu aliyeniajiri. Nilijiona mrefu. Nilimtupia jicho Komanda Beya. Alikuwa anatazama ndege wa kawaida, wale wa manyoya, juu ya paa.

Nikawauliza abiria nani anaweza kungoja safari ya Alhamisi ijayo. Wote kumi na saba walikumbuka ghafla kutazama simu zao.

Ikabaki kanuni ya kampuni, ile iliyobandikwa dirishani kwa Annie: uzito ukizidi, anashuka aliyenunua tiketi mwisho.

"Annie, wa mwisho ni nani?"

Annie akaifunga orodha. "Komanda, usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

"Shi mulisikia mwenyewe. Tania alinunua jana, magaribi, ofisi ikifunga."

Nilisimama pale nikijaribu kuikumbuka kanuni nyingine yoyote. Sikuikumbuka.

"Basi mwambie," nikamwomba Annie kwa sauti ya chini.

"Mi? Mi niko muke yako?" Akarudi dirishani kwake, akalifunga.

Hivyo kwa mara ya kwanza katika miaka sita nilivisogelea vile viatu peke yangu, bila Tania, bila mtu wa kunibebea maneno.

"Mama," nikaviambia. "Munisamehe. Ndeke iko nzito. Hamutapanda leo. Mutaenda jeudi inakuya."

Viatu havikusogea.

"Arusi ni samedi," sauti ikajibu.

"Najua, Mama."

"Jeudi inakuya, mutoto atakuwa mu nyumba ya bwana yake, bila baraka yangu. Dada yangu alikufa. Hakuna mama mwingine, ni miye tu."

Hilo Tania hakuwa ameniambia. Ningeweza kusema "pole" lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno, nikalimeza.

Viatu vikageuka. Nilidhani vinakwenda kwenye lango la kutokea, nikashusha pumzi. Havikwenda langoni. Vilivuka kokoto, vikapita chini ya bawa, vikafika kwenye ngazi ya ndege. Pale Mama Agnès akakaa. Akaitandaza pagne yake, kitenge alichojifunga kiunoni, huku na huku, akaweka mkoba mapajani.

Ngazi yetu ni nyembamba, na mlango ni huo mmoja. Hapo alipokaa, hapapiti hata paka.

"Ndeke iende," alisema, sasa kwa sauti ya kusikika na wote. "Mi sikatae. Lakini mwenye kupanda, aniruke."

Nani amruke mama wa watu? Tata René alipiga hatua moja mbele, akaitazama ile pagne, akapiga mbili nyuma. Mabinti wawili wa Kananga wakaanza kumsihi kwa Kiluba. Aliwajibu kwa upole kwamba ana nafasi, atakaa tu. Na kama wengine hawawezi kumruka, sembuse mimi? Kwetu hakuna mbuzi wa kosa la namna hiyo. Sijui hata kama kuna ng'ombe.

Komanda Beya alikuja kusimama kando yangu. Akakunja mkono wa shati, akanionyesha saa yake: saa nne na dakika arobaini na nane.

"Iko dakika kumi na mbili," alisema. "Batu wa kupanda ni kumi na sita. Unafanya nini, Komanda?"

Alikuwa ameniita Komanda. Sikupata hata muda wa kufurahi.

Nikaenda mpaka kwenye ngazi. Nikasimama hatua moja kutoka kwenye vile viatu, karibu kuliko nilivyowahi kusimama.

"Samy," akasema.

Hajawahi kunitaja jina. Siku zote mimi ni muko. Hata siku ya harusi yangu niliitwa muko.

"Samy, kilo zile bote balisikia, nimekusamehe. Nauliza kintu moja tu. Kama ni mama mwenye kukuzala njo eko pa ngazi hapa, na mutoto anamungoja, ungemushusha?"

Hapo nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nikainua macho. Nikayapandisha kutoka kwenye viatu, nikapita pagne, nikapita mkoba, mpaka usoni. Alikuwa analia bila sauti. Na macho yake ni ya Tania, yale yale kabisa, nami kwa miaka sita sikujua.

"Ningemushusha, Mama," nikajibu. "Juu ya batu kumi na sita. Na njo ningelia."

Mama Agnès hakuyaondoa macho yake usoni pangu.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi. Nikavua kofia ya sare, nikaiweka chini kwenye kokoto. Kisha nikamnyooshea mkono nimsaidie kusimama, mkono ambao kwetu mkwe hamnyooshei mama mkwe, mbele ya abiria wote na Komanda Beya na kalamu yake.

Aliutazama mkono wangu. Kisha akainua wake juu, na mpaka hapo bado sikujua kama ni wa kuushika au wa kunizaba kofi.